Jinsi nilivyozuia nyufa katika ufuaji wa aloi ya titani na alumini
Kila nilipofua, yaani kukandamiza kikiwa moto, kipande cha aloi hii (mchanganyiko wa metali) kwa joto la nyuzi 1150 za Selsiasi, ubavu wake uliotuna ulipasuka kwa nyufa za wima. Nilipandisha joto, kisha nikapunguza kasi ya mashine ya kukandamiza. Nyufa zilipungua tu. Kumbe tatizo lilianzia katika sekunde chache za kukitoa tanurini, ambapo ngozi yake ilipoa ikawa dhaifu kama kigae. Nilikifungia ndani ya kopo la chuma cha pua na, hapa ndipo palipoleta tofauti, nikatandika kitambaa cha silika, kinachostahimili moto, kati ya kopo na kipande ili joto lisitoroke. Kilitoka kizima. Chini ya hadubini, matabaka ya awali ya ndani ya metali yalikuwa yamevunjika na kuwa chembe ndogo za gama (aina ya fuwele ya titani na alumini), ingawa machache yalisalia.