Breki za trela la boti
Jamani hili trela kuukuu la boti hapa Mtwapa limenitoa jasho wikendi hii, breki zilikuwa zimekufa kabisa. Ni zile za haidroliki, yaani zinazosukumwa na mafuta, ukikanyaga breki za gari trela linasukuma mbele na huo msukumo ndo unabana masta silinda (pampu ya mafuta ya breki) pale kwenye hichi, yaani kiungio cha trela na gari, sasa maji ya chumvi yamekula paipu za chuma mpaka zinavuja na pistoni za magurudumuni zimeganda kwa kutu, hata nyundo haisaidii. Tumeweka silinda mpya, paipu za kopa nikeli (mchanganyiko wa shaba na nikeli) na mafuta mapya ya breki aina ya DOT 3, tukatoa hewa kwenye paipu tukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Bei ya spea we acha tu. Na mkitoa boti baharini mwagieni ngoma za breki maji ya bomba siku hiyohiyo, msingoje kesho.