Siku moja maishani mwangu, jikoni kwa mama, Ngamiani, Tanga

Saa 9 usiku

Naamka kabla alamu haijalia, mwili ushazoea. Zamani alikuwa ananiamsha mama, hakuiti wala hakutikisi, anakaa tu pembeni ya kitanda anakushika kidole gumba cha mguu mpaka ufumbue macho. Huu mwezi wa 11 tangu atangulie mbele ya haki na bado ikifika hiyo saa kuna siku nahisi kidole kimeshikwa, wallahi naamka nikiwa nimeitikia "abee".

Mchele niliuloweka jana baada ya magharibi. Nauchuja, nausaga na tui la nazi, natia iliki na hamira. Blenda mama alikuja kuikubali uzeeni kabisa, alikuwa anasema inaupasha mchele moto halafu vitumbua vinagoma kuumuka, mi nikawa naona ni maneno ya watu wa kinu tu. Ila ni kweli, ukisaga mfululizo lile jagi linachemka mpaka unalisikia kwa kiganja, kwa hiyo nasaga kidogo napumzisha, nasaga tena. Vipimo hakuniachia, yaani hakuna karatasi, kuna kikombe chake cha bati chenye mdomo uliobanduka rangi na kuna upawa, ananyanyua upawa juu anaangalia unga unavyoshuka, ukishuka kama kamba sawa, ukikatikakatika ongeza tui. Basi. Hicho ndo chuo nilichosoma.

Iliki sinunui ya paketi. Kuna wamama wanaishusha kutoka milima ya Amani kule Muheza, mama alizaliwa huko huko Muheza na alikuwa akiinusa tu anakwambia hii ya mwaka huu au imelala ghalani.

Saa 10 na nusu

Mkaa umeshika. Kikaango chake ni kile cha chuma cha matundu 7, kizito, cha kunyanyua kwa mikono miwili, na cha kugeuzia ni spoku ya baiskeli ya marehemu baba. Baba alikuwa anaiendesha kila siku kwenda kiwanda cha mbolea, na kiwanda kilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 90 mi nilikuwa darasa la sita au la saba hivi, nakumbuka baba alikaa barazani karibu wiki nzima haongei. Mama vitumbua alikuwa anapika kabla ya hapo ila vichache, vya kupata hela ya sabuni. Ile wiki akachukua spoku moja kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli, akainoa kwenye jiwe, asubuhi yake akapika mara tatu ya kawaida. Sisi watoto 6 tumesoma kwa hii spoku ninayoishika sasa hivi, na hajawahi hata siku moja kumsimanga baba, nasema hili kwa sababu mi nilikuwepo nilikuwa nasikiliza, mtoto unasikia vingi usiku.

Saa 12 asubuhi

Barazani pameshachangamka. Bodaboda, walimu wanawahi vipindi, watoto wa shule, wabeba mizigo wa sokoni. Kimoja shilingi 200. Wengi bado wananiita kwa jina la mama na mi naitika.

Leo kaja mzee mmoja wa mkokoteni. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, hujambo." Hajanunua, kasimama pembeni mpaka watu wamepungua ndo akatoa elfu 3 iliyokunjwakunjwa, anasema ni ya mama yako, kuna masika moja niliumwa sana sikusukuma mzigo, nilikuwa nakula hapa kila siku na hakuniuliza.

Sasa hapa nieleze, maana ndo jambo linalonisumbua mwaka huu. Mama alipozidiwa alituita akausia, wanaonidai walipwe kabla sijafukiwa, ninaowadai nimewasamehe wote, msimfate mtu. Siku ya maziko kaka yangu alisimama mbele ya watu akatangaza hivyo hivyo, mwenye kumdai marehemu aje kwa familia, na anayedaiwa ashasamehewa. Hakuna hata mmoja aliyekuja kudai. Lakini wanaokuja kulipa hawaishi! Miezi 11 hii, mtu anashuka kwenye daladala na mia 5, mwingine katuma hela kwa simu kutoka Dar. Kaka anasema tusipokee, ukipokea umevunja wasia. Mama mdogo anasema pokea ukamtolee sadaka. Mi mwanzo nilikuwa nakataa, mpaka siku moja nikamrudishia dada mmoja hela yake na nikaona uso wake ulivyobadilika, kama nimemfukuza msibani. Toka siku hiyo napokea, naweka kwenye kopo la maziwa, likijaa tunanunua juzuu na kalamu za madrasa wanayosoma wajukuu zake.

Ya mzee nikaipokea. Nikamfungia vitumbua vinne, akasita, nikamwambia hivi ni vyangu baba si vya mama, akacheka akachukua.

Saa 4

Vimeisha. Naosha vyombo, nachukua baiskeli mpaka soko la Mgandini, nazi, mkaa, mafuta. Hapa sina la kusema zaidi ya kwamba nazi zimepanda bei tena.

Saa 8 mchana

Leo Ijumaa. Kijana wangu akitoka kuswali anapitia makaburini kwa bibi yake kumsomea dua, akirudi namuuliza maswali mengi mpaka anachoka, majani yameota, kibao kimesimama, umemwagia maji. Kwetu siku ya maziko wanawake tunaishia barazani, jeneza linatoka mnabaki na ubani unafuka na kelele za kina mama, na mi nilikuwa nimemkosha kwa mikono yangu asubuhi ile nikadhani nishamaliza kulia. Kanijibu yote. Halafu kaniambia kitu, eti akiwa pale anamsalimia "shikamoo bibi" kwa sauti, kama alivyokuwa akitoka shule. Nikaingia ndani kidogo.

Saa 10 jioni

Yule mzee hajanitoka kichwani, nikatoa sanduku la mama nikachukua madaftari.

Mama hakwenda shule utotoni. Uhuru wa 1961 umemkuta binti mdogo wa kuteka maji. Kusoma kajulia kwenye kisomo, Mwalimu Nyerere si alitangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kampeni ikaendelea miaka ile yote, asubuhi darasani wanakaa watoto, jioni madawati yale yale wanakaa mama zao. Kaka yangu mkubwa alikuwa mgongoni. Alikuwa anatusimulia mtihani wa 1975 kama watu wanavyosimulia harusi, kavaa khanga gani, kakaa dawati la ngapi, na jinsi alivyoandika jina lake lote mwalimu akamwambia hapo hapo umeshinda.

Mwandiko wake ni herufi kubwa tupu, anakandamiza kalamu mpaka ukurasa wa nyuma unapapasika. Nilikuwa najua ni daftari la madeni, sijawahi kulisoma kwa kutulia, nilikuwa naogopa. Sasa naliona, hamna majina ya watu humo. Watu aliwaandika anavyowaona. KOTI JEUSI 4. MWALIMU MPYA 2. MTOTO WA KANDAMBILI MOJA 1. Nafungua, nafungua, na nikamkuta. MKOKOTENI 38. MGONJWA. USIDAI.

Nikarudi nyuma kuanza upya ukurasa kwa ukurasa, jua likazama niko pale pale. MJA MZITO 6 USIDAI. KAFUKUZWA KAZI USIDAI. KAFIWA. USIDAI. Daftari zima, madaftari matatu. Kumbe alikuwa hasubiri kufa ndo asamehe. Alisamehe siku ile ile, saa 12 asubuhi, huku anageuza vitumbua, halafu akaandika ili asije akajisahau akamuuliza mtu. Na sisi watoto tulikuwa tunamlaumu mama unakopesha sana hukusanyi, mi mwenyewe nilimsemea hilo mbele ya watu, mwaka juzi tu. Alinyamaza akaendelea kuchota unga.

Elfu 3 ya mzee iko kwenye kopo. Nimemwambia kaka kwenye simu, kakaa kimya muda, kaniambia nisomee tena ile ya mkokoteni.

Saa 2 usiku

Tumeshakula, binti yangu mdogo ndo anayeniandikia hesabu kila siku, mwandiko wake mzuri, yuko darasa la tano. Nikamtajia waliokopa leo. Dada wa saluni 5. Fundi simu 3. Halafu kulikuwa na mtoto asubuhi alikuja na sare, kachukua viwili, kapekua mfukoni hana kitu, nikamwambia nenda utachelewa.

"Anaitwa nani mama?"

"Simjui. Andika shati limechanika begani."

Akaandika. "2, na mia 4?"

"Andika 2. Hela usiandike, andika usidai."

Akaniangalia, hakuuliza, akaandika kwa herufi kubwa kama za bibi yake maana daftari la bibi lilikuwa bado wazi hapo pembeni. Mi nikachukua kikombe cha bati nikaenda kuloweka mchele.