Siku moja maishani mwangu: siku ya kuitia umeme mashine mpya

Saa 12:30 asubuhi

Chai haijachemka, nami nishasimama mbele ya meza ya kazi, mikono nyuma, kama mkwe anayesubiri kukaribishwa. Mezani kuna ampilifaya ya chaneli mbili niliyoiunga mwenyewe kwa siku nne hapa Temeke. Ndani ina aisii (chipu za kukuza sauti) mbili za TDA7294, transfoma ya volti 24-0-24 niliyoichomoa kwenye subufa iliyokufa, daraja la daiodi la kugeuza AC kuwa DC, na kapasita mbili nene za kuhifadhi umeme, za maikrofaradi 10,000. Mteja ni shangazi mwenye saluni Mbagala. Anataka muziki unaosikika mpaka kituo cha daladala.

Haijawahi kuonja umeme. Leo ndiyo leo.

Saa 2 asubuhi

Kabla ya yote, Kariakoo, kutafuta globu. Globu ya kwenye serisi yangu, ule ubao wa kujaribia mashine kupitia globu, iliungua wiki iliyopita, na bila serisi siwashi kitu. Siku hizi kupata globu ya waya, ile ya zamani inayochemka, ni kazi. Duka la tatu muuzaji akanicheka: "Fundi, chukua LED, haili umeme." Nikamwambia mimi nataka inayokula. Nimezipata mbili za wati 60 kwa muuza vifaa wa pembezoni, zimejaa vumbi, boksi limefifia rangi. Nilizishika kama mayai mpaka nyumbani.

Saa 4:30 asubuhi

Dogo ninayemfundisha kafika. "Shikamoo fundi." "Marahaba." Akaiona mashine, macho yakamtoka. "Si tuichomeke tu tuone?"

Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Miaka ya nyuma niliwahi kufunga kapasita kinyume, hasi kwenye chanya, nikachomeka nikiwa nimeinama usoni pake. Ilihesabu kama sekunde tano, ikapasuka. Miwani ya jua niliyokuwa nimevaa kwa ushamba ndiyo iliyoyaokoa macho yangu. Harufu yake ilikaa chumbani siku mbili.

Kwa hiyo kwanza tulipima mashine ikiwa imelala: plagi iko mezani, haijagusa ukuta. Waya wa kahawia, wa moto, unapita kwenye fyuzi kwanza, halafu swichi, ndipo transfoma. Waya wa bluu, wa nyutro, unakwenda moja kwa moja. Wa njano na kijani, yaani ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, umefungwa kwa boliti yake peke yake kwenye bodi ya bati, rangi imekwanguliwa mpaka chuma king'ae. Mita kwenye milio: pini ya ethi ya plagi na bodi, *piii*. Pini ya moto na bodi, kimya. Ndani ya plagi nikatoa fyuzi ya ampea 13 nikaweka ya 3, maana ya 13 ni ya pasi na jiko, si ya kitu cha aina hii.

Saa 5:15

Serisi yangu ni ubao tu wenye soketi na kishikio cha globu. Moto unapita kwenye globu kabla ya kufika soketini. Kama mashine ina shoti, globu inawaka yote na kuumeza umeme wote, mashine inabaki salama. Kama haina, globu inamulika mara moja kapasita zikijaa, kisha inafifia. Ila nilimwambia dogo, na nakwambia na wewe: serisi inalinda mashine, haikulindi wewe. Volti 230 bado zipo palepale. Mkono mmoja mfukoni.

Transfoma peke yake: globu giza. Mita ikasoma 24.8 na 24.9. Nikaunga daraja na kapasita: globu ikapepesa, ikazima. Chanya 34.1, hasi 34.0. (Wanaoanza hushangaa 24 imekuwaje 34. Mita ya AC haionyeshi kilele cha wimbi. Kapasita zinajaa mpaka kwenye kilele, ambacho ni mara 1.4, ukitoa kidogo kinachoachwa kwenye daiodi.)

Nikazima, nikamzuia dogo mkono. Kapasita hazijui kwamba umezima. Nimezifungia kila moja rizista ya kilo-omu 2.2 ya kuzinyonya, tukahesabu wote kwa sauti huku tunatazama mita. Ilipotimia dakika moja ilikuwa imeshuka mpaka volti 2 na kitu. Hapo ndipo unagusa.

Saa 6 mchana

Tukaunga bodi za aisii. Spika hamna. Nikabonyeza swichi.

Globu ikawaka. Ikabaki imewaka, nyeupe, chumba kizima kikang'aa.

Nilizima kabla dogo hajasema kitu. Tukasubiri dakika yetu. Nikachomoa bodi ya kushoto, nikawasha: bado inawaka. Nikarudisha ya kushoto, nikachomoa ya kulia: globu ikafifia. Basi, kulia.

Mgongo wa bati wa TDA7294 umeunganishwa kwa ndani na umeme hasi. Ndiyo maana kati yake na alumini ya kupoozea huwa tunaweka karatasi ya maika isiyopitisha umeme na bushi ya plastiki kwenye skrubu. Nikapima kati ya hasi na ile alumini: omu 0.3. Ilitakiwa mita isione chochote. Nikafungua skrubu, nikaikwangua grisi nyeupe kwa ukucha, na hapo katikati ya maika palikuwa na chembe ya alumini, ndogo kuliko punje ya mtama, imetoboa karatasi kama mwiba wa samaki.

Ni kosa langu. Lile tundu nililitoboa mwenyewe saa nne usiku, nikaona uvivu kupiga tupa kingo zake. Na kipimo hicho cha omu ningekifanya asubuhi, globu isingekuwa na kazi. Dogo alikuwa na adabu, hakucheka. Alitabasamu tu ukutani.

Saa 8 mchana

Maika mpya, kingo laini. Globu ikapepesa, ikabaki na wekundu hafifu kama kaa la moto linalokufa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Sasa mdomo wa spika, mita kwenye milivolti za DC, na waya za kuingiza sauti nimezifunga pamoja. Kushoto 9, kulia 14. Chini ya 50 sina wasiwasi. Zingekuwa volti kadhaa, spika ingesukumwa mbele ikaganda hapo, koili ikaanza kunuka. Ndiyo maana sauti ya kwanza huwa naisikiliza kwenye spika ya kufia, spika ya gari yenye karatasi iliyochanika, ambayo ikiungua hakuna atakayelia. Nikaiondoa serisi, nikachomeka ukutani na fyuzi ya ampea 1.6 kwenye bodi ya bati. Singeli ikaingia. Majirani wawili wakaja mlangoni.

Saa 9:20

Kuna muungurumo, *nguuu*, hata muziki ukisimama. Mmoja wa wale majirani naye ni fundi. Akasema, "Kata huo waya wa ethi, muungurumo unaisha." Ni kweli ungeisha. Na siku moto ukigusa bati, mtu wa kwanza kulishika bati ndiye angekuwa ethi. Nilihamisha waya wa sifuri wa kuingizia sauti, nikaupeleka pale kapasita mbili zinapokutana badala ya kwenye bodi ya bati. Muungurumo ukakatika. Jirani akasema ni bahati.

Saa 12:15 jioni

Imepiga saa mbili mfululizo, alumini ina joto la kikombe cha chai. Nikapanda bodaboda mpaka Mbagala, boksi mapajani.

"Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, weka hapo." Hapo ni soketi iliyo hatua mbili kutoka kwenye sinki la kuoshea nywele. Sakafu imelowa. Nikatoa mita kwanza, akanishangaa. Moto na nyutro, 221. Moto na ethi, 47, halafu 38, halafu 52, inayumba kama mlevi. Nikazima kwenye meni, nikafungua soketi: tundu la ethi tupu, halijawahi kuona waya.

"Mbona feni inafanya kazi?" Nikamweleza kuwa feni inazunguka hata bila ethi, ila ethi ndiyo inayomlinda mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nusu ya hela iliyobaki nitaiona siku mashine itakapoimba, si kabla.

Saa 2 usiku dogo akanipigia. "Fundi, inapiga huko?"

"Inapiga vizuri," nikamwambia. "Ila tumepanda nayo bodaboda tena, tuko Mtoni tunarudi."