Hewa ya Dodoma ndani ya hesabu

Vijana waliounda droni ya kupiga picha mashamba ya zabibu waliniletea Dodoma hesabu zao za kompyuta, zinazoigiza hewa inavyopita kwenye bawa, mchana wa jua kali. Kwenye kompyuta bawa lao lilibeba mzigo bila shida. Shambani droni ilichelewa kupaa, na kila ilipokata kona ilizama.

Kabla ya kutazama picha yoyote ya rangi ya matokeo, nilifungua faili la tabia za hewa. Densiti iliandikwa 1.225, kilo kwa mita ya ujazo: hewa ya usawa wa bahari, nyuzi joto 15. Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya bahari na kanieneo yake ni karibu kilopaskali 88.6. Joto likifika nyuzi 30, densiti inabaki kama 1.02. Kwa mwendo uleule, bawa hilo linapoteza asilimia 17 ya nguvu ya kunyanyua. Ili kuifidia, droni iongeze mwendo kwa karibu asilimia 10.

Kisha gridi, yaani vijichumba ambamo kompyuta huigawa hewa inayozunguka bawa ili kuihesabu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi. Bawa lilikuwa na sentimita 30 toka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Kwa mita 20 kwa sekunde, namba ya Reynolds, inayopima msukumo wa hewa dhidi ya unato wake, ni kama 330,000. Tabaka lao la kwanza la gridi, lile linalogusa bawa, lilikuwa na unene wa nusu milimita. Hiyo ni mahali pabaya kabisa: nene mno kuonyesha msuguano wa hewa kwenye ngozi ya bawa, nyembamba mno kwa kanuni za kukadiria msuguano huo. Tulishuka hadi milimita 0.02, kila tabaka likizidi la chini yake kwa asilimia 20. Mpaka wa nje wa gridi tuliusogeza hadi mita 6 toka bawani. Ukiwa karibu, unaibana hewa na namba zinadanganya.

Walitumia modeli ya SST, milinganyo ya kukadiria vurugu za hewa aliyoichapisha mtafiti Menter mwaka 1994. Ni modeli nzuri ninayoiheshimu, ila huhesabu hewa kuwa na vurugu tangu ukingo wa mbele. Kwenye bawa dogo hewa huanza tulivu, hubanduka kwenye bawa, kisha hushika tena na kuacha kiputo katikati, na kiputo hicho hubadilisha ukinzani, nguvu ya hewa inayoivuta droni nyuma. Tukaongeza mlinganyo wa mpito, unaokadiria wapi hewa tulivu hugeuka vurugu, tukalinganisha na XFOIL, programu ya Mark Drela ya kuchunguza maumbo ya mabawa. Makosa ya hesabu kushuka kwenye grafu hayakututosha. Tulirudia kwa gridi tatu, kila moja ikiwa na vijichumba vidogo zaidi, mpaka ukinzani wenyewe ukatulia. Matokeo yalihifadhiwa kila baada ya mizunguko 500 ya hesabu, umeme usije ukakatika na kuondoka na kazi yote.

Tuliamua kuongeza eneo la bawa kwa asilimia 20, mwendo wa kurushia ubaki uleule. Propela nayo inakata hewa hiyohiyo nyepesi, kwa hiyo hesabu yake tuliianza jioni ile.