Sarafu za Mirathi, Leyton

Marehemu alikuwa mtu wa Mombasa aliyefanya kazi ya reli London mpaka akastaafu. Miongoni mwa vitu alivyoacha kulikuwa na kopo la biskuti lililojaa sarafu za Kiingereza. Mwaka 2018, eda ya mjane ilipokwisha, familia ikataka mirathi igawanywe, na shehe aliyeshika hesabu akasema hawezi kugawa mali isiyojulikana thamani yake. Ndipo nikaitwa nyumbani kwao Leyton, London, nizikague sarafu hizo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Baba yao alikuwa hataki mtu azishike hizi, lakini shehe ndiye anayezitaka sasa."

Mwanawe wa kiume alikuwa ameshaandika orodha: krauni (sarafu kubwa ya shilingi tano za zamani) ya 1934, peni ya 1933, nusu krauni ya 1905, peni ya 1951, na mbele ya kila moja bei aliyoiona mtandaoni. Nikamwomba aiweke kando kwanza. Bei zile ni za sarafu zilizokwisha thibitishwa, na hapo mezani palikuwa bado hapajathibitishwa kitu.

Nilikuja na mizani ya kielektroniki inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, kalipa ya kupimia upana, sumaku, lenzi inayokuza mara kumi, na uzi mwembamba wa kuvulia samaki. Maji nilimwomba mama ayachemshe kisha ayaache yapoe, kwa sababu maji mabichi ya bomba huwa na hewa ndani yake, na vipovu vikishika kwenye sarafu huharibu hesabu nzima.

Tulianza na krauni, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwenye orodha. Krauni zile zenye taji lililozungushiwa shada la maua, kazi ya George Kruger Gray, zilitolewa kuanzia 1927 hadi 1936, na nyingi zilikuwa zawadi za Krismasi kuliko pesa za sokoni. Ya 1934 zilichapwa 932 tu, na ndiyo maana wanaoghushi wanaipenda. Uzito wake halali ni gramu 28.28, upana milimita 38.6 hivi. Ya marehemu ilikuwa na upana sawasawa, lakini mizani ikasoma 25.4. Kijana akasema huenda imelika kwa kutumika. Krauni hizi hazikutumika madukani kiasi hicho, na hii nywele za mfalme zilikuwa bado zinaonekana. Sarafu haiwezi kupoteza karibu gramu tatu na sura ikabaki.

Sumaku haikuivuta. Hapo watu wengi hufurahi mapema. Sumaku ikivuta, umepata jibu: ndani mna chuma. Isipovuta hujajua lolote, maana shaba na nikeli iliyochanganywa na shaba nazo hazivutwi.

Kwa hiyo tukaenda kwenye maji. Unaweka glasi ya maji juu ya mizani na kurudisha namba kwenye sifuri. Unaifunga sarafu kwa uzi, unaitumbukiza yote ndani ya maji bila kugusa chini wala ubavu wa glasi, kisha unasoma. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosogezwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo, utapata msongamano wa madini, yaani uzito wake ukilinganishwa na maji ya ukubwa ule ule. Sarafu ikigusa chini namba inaruka juu. Vipovu vikiwepo, msongamano unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Rudia mpaka namba zikubaliane.

Krauni ilisoma 2.95. Ukigawanya 25.4 kwa 2.95 unapata 8.6. Krauni ya kweli ya miaka ile ni fedha nusu, na nusu nyingine ni shaba, nikeli na zinki. Msongamano wake ni karibu 9.5. Angalia pia kwamba krauni halali ingesoma 2.97, yaani maji karibu yale yale: aliyeghushi alipata ukubwa, akakosa madini. Chini ya lenzi uwanja, yaani sehemu tupu isiyochorwa, nyuma ya kichwa cha mfalme ulikuwa na vinundu vidogo vidogo kama upele, na meno ya ukingoni yalipishana upana. Nikaandika: bandia, thamani sifuri. Mama hakusema neno. Kijana aliomba tupime tena, tukapima, ikawa ile ile.

Peni ya 1933 haikuchukua muda. Mwaka ule peni zilikuwa tele, hivyo hazikuchapwa za matumizi. Chache mno zilitengenezwa, nyingine zikawekwa chini ya mawe ya msingi ya majengo. Zinazojulikana ni kama saba. Iliyokuwa mezani ilikuwa na uzito na madini halali kabisa, kwa sababu ni peni halali ya 1935 iliyochongwa. Mwanga wa tochi ukipita kwa ubavu ulionyesha shimo dogo kuzunguka tarakimu ya mwisho na mikwaruzo inayoelekea upande mmoja. Maji hayawezi kugundua hila kama hiyo. Kila kipimo hujibu swali lake tu.

Peni ya 1951 ilikuwa ya kweli. Zilichapwa 120,000 na nyingi zikapelekwa Bermuda, lakini wakusanyaji walizijua mapema wakazihifadhi, hivyo hata leo nzuri hazikosekani. Tena kijana alikuwa ameisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba ili ipendeze mbele yangu. Rangi ilikuwa imegeuka ya waridi, na nywele nyembamba za mkwaruzo zilijaa uwanjani huku uchafu mweupe wa dawa ukibaki ndani ya herufi. Nasema hili kwa uchungu: usisafishe sarafu. Mnunuzi anayejua hupunguza bei hapo hapo, na ngozi ya zamani, ile rangi iliyojengeka juu kwa miaka, hairudi.

Nusu krauni ndiyo iliyonikalisha. Ya 1905 zilichapwa 166,008, nyingi kuliko hiyo peni ya 1951, lakini ni ngumu zaidi kuipata. Ilitumika kama pesa, hakuna aliyeiweka ikiwa mpya. Madini ya fedha yalipopunguzwa katika sarafu mwaka 1920 na kuondolewa kabisa 1947, zile za zamani zilirudishwa na kuyeyushwa. Idadi iliyochapwa ni mwanzo tu wa hesabu. Unachotafuta ni zilizobaki, na katika hali gani.

Uzito halali ni 14.14. Hii ilikuwa 13.7, na sura ya Edward VII imelainika kwa kiasi kinacholingana na upungufu huo. Majini ikasoma 1.32, yaani msongamano 10.38, mahali pake fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1,000. Sarafu ikilika hupoteza uzito, msongamano haubadiliki. Hata hivyo ya 1903 iliyochongwa ingeleta namba zile zile, kwa hiyo nilikaa sana juu ya ile 5: uwanja unaoizunguka ulikuwa na rangi moja na sehemu nyingine, na nafasi yake kati ya 0 na herufi ililingana na picha za sarafu iliyothibitishwa. Sikuandika "kweli". Niliandika "yaelekea kweli, ipelekwe kwa mtaalamu mwingine", kwa sababu za kughushi zilizochapwa kwa fedha halisi zipo, na mali ya warithi haihukumiwi na jicho moja.

Nyumba ya mnada waliyoipelekea iliithibitisha. Kijana alitaka kuibakiza kama ukumbusho wa baba yake. Shehe akamwambia anaweza, mradi wenzake walipwe sehemu zao kwa bei ya mnada. Dada zake hawakukubali kusubiri, basi ikauzwa. Kamisheni ilitolewa kwanza, kisha thumuni ya mama, na iliyobaki ikagawanywa mafungu manne: mawili ya kijana, moja moja ya mabinti. Krauni bandia niliiandika kwa wino usiofutika kwenye bahasha yake, "nakala", isije ikauzwa na mjukuu kama kitu halisi.