Shuka la Pequot

Shemeji yangu anakaa Lynn, Massachusetts, na ndiye aliyenipeleka Salem, mji wa jirani. Ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, wakati ambao watu wa huko hutandaza vyombo vyao vya zamani uani na kuviuza kwa bei ya kutupa. Yeye alitaka Monopoly ya zamani kwa ajili ya watoto. Parker Brothers, waliouza mchezo huo tangu 1935, walikuwa watu wa Salem.

Tuliingia uani kwa bibi mmoja mzee. Mezani uchawi ulitangulia: vikombe, sahani, kijiko chenye mchawi na ufagio wake. Salem ilinyonga watu 19 kwa tuhuma za uchawi mwaka 1692 na mpaka leo inafanya biashara kwa jina lao. Nikavipita. Chini ya vitambaa vya meza nikaona shuka jeupe ambalo halijawahi kutandikwa, lebo ingalipo: Pequot, Naumkeag Steam Cotton Company.

Moyo ulinienda mbio. Jina la Naumkeag nililikuta nikisoma habari za Unguja. Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na 1837 Richard Waters wa Salem akaja kuwa konsuli wao wa kwanza kwetu. Merikebu zao zilichukua pembe za ndovu na sandarusi, zikaleta merikani, kitambaa kigumu cha pamba. Naumkeag, kiwanda cha mvuke kilichoanza kazi 1847, kilifuma nguo kwa ajili ya soko letu. Kisha vita vyao wenyewe vya 1861 vikaikausha pamba, Waingereza na Wahindi wakaingia sokoni. Merikani ya foronya za nyanya yangu huenda ilifumwa Japani, lakini yeye aliisifu kwa ugumu wake kana kwamba aliisokota mwenyewe.

"Mama yangu alifanya kazi pale," bibi akasema aliponiona nimeng'ang'ania lebo. Mama yake alikuwa mtoto wakati moto wa Juni 1914 ulipoteketeza kiwanda na sehemu kubwa ya mji. Kikajengwa upya, akakua akaingia kwenye mashine, akapoteza usikivu kwa kelele zake, mpaka kazi ilipokoma Salem mwaka 1953. Nilipomwambia nguo za kiwanda hicho zilivaliwa Zanzibar na kupelekwa bara hadi maziwa makuu, alinitazama kama muuza porojo.

"Zanzibar ya wapi?"

Shemeji akachora ramani nyuma ya risiti, na Lynn akaitia pia, sijui kwa nini. Bibi akaiweka mfukoni, kisha akataka dola nane kwa shuka. Shemeji, mtoto wa soko la Darajani, akasema tano.

"Mama angekasirika," bibi akajibu.

Nililipa nane. Monopoly tulipewa bure, na tulipoifungua nyumbani haikuwa na dadu hata moja.