Jivu, lenga-lenga na maua juu ya lava

Goma, Jumapili jioni.

Lenga-lenga (mchicha) za tuta la tatu zimeanza kugeuka manjano. Machipukizi ndiyo yaliyotangulia: katikati ya mishipa jani limepauka, mishipa yenyewe bado kijani. Majani ya chini ni mazima. Wengi wakiona hivyo husema mbolea imepungua, na kesho yake wanaleta jivu la makala (makaa). Ndipo tuta linapokufa.

Njaa ya naitrojeni huanzia majani ya zamani, chini. Manjano ya juu ni njaa ya chuma: kimo udongoni, ila mzizi hauwezi kukinywa kwa sababu ya magadi. Mazoea ya jivu yanatoka Walungu na pande za Bukavu, ambako udongo ni mwekundu na una asidi. Kule jivu ni dawa kweli. Hapa tunalima juu ya lava, kwingine ile ya 2002, na maji ya bidoni (madumu) yanachotwa ziwa Kivu, yenye pH ya karibu 9, yaani magadi tayari. Kuongeza jivu hapo ni kutia chumvi kwenye sombe (kisamvu) iliyokwisha kolea.

Kwa hiyo jivu likome, tuta lifunikwe mboji vidole viwili, na maji ya mvua yatumike kila yanapopatikana. (Volkano ya Nyiragongo ikitoa moshi mwingi, mvua huja na asidi, lakini hiyo huunguza majani ya maharagwe kabla ya kusaidia mzizi wowote.)

Udongo wenyewe hapa hujengwa. Ukuta wa mawe ya lava, upana mita moja ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Chini tandika magunia makuukuu au majani ya ndizi, la sivyo mvua ya kwanza itapeleka udongo wote kwenye nyufa. Kisha sehemu mbili za udongo kwa moja ya mboji iliyoiva, kina sentimita 30. Mboji ikiwa bado na joto mkononi, haijaiva.

Mbegu ya lenga-lenga ni ndogo kama punje ya mchanga. Changanya kijiko kimoja cha chai na kumi vya mchanga mkavu, mwaga kwenye mita tatu za tuta, funika kwa nusu sentimita tu. Mwagilia asubuhi. Miche iliyosongamana ikilala na maji usiku huoza shingoni na kuanguka kama iliyokatwa kwa wembe. Baada ya wiki tatu au nne ng'oa ya kula, uiache mingine sentimita 15 kati yake. Hiyo utaikata juu na itachipua tena. Jani likikunjwa kwa utando, kuna kiwavi ndani. Libinye asubuhi.

Maua nayo yana kazi, ila siyo ile inayosemwa, ya kufukuza wadudu. Tajeti moja pembeni haifukuzi chochote. Ili ipunguze minyoo ya mizizi, ijaze tuta zima kwa miezi miwili au mitatu, kisha nyanya zifuate hapo. Kapusini huliwa, ua na jani, ladha yake kali kidogo. Mbolea ikizidi inatoa majani matupu.

Tarumbeta, lile ua jeupe linaloning'inia kwenye nyua nyingi, lina sumu kuanzia mzizi hadi ua. Lisipandwe karibu na mboga za majani, maana mtoto anayetumwa kuchuma hachagui.